Sura ya 6: Mbao Ipi Haiozi?

Anayejenga nyumba pwani, iwe Kigamboni, Bagamoyo, Kilifi au Paje, mara nyingi hufika mahali akatamani veranda ya mbao: jukwaa la kukalia nje, lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, upepo ukipita juu na chini. Akishatamani, huuliza swali lilelile kwa fundi, kwa muuza mbao na kwa jirani aliyemtangulia: mbao ipi haiozi? Majibu hayakosekani. Mmoja atasema mvule, mwingine mninga, wa tatu atasema miti ya siku hizi yote ni michanga, nunua za plastiki uondokane na shida. Kila mmoja ana ushahidi wake na kila ushahidi una ukweli ndani yake, ndiyo maana mnunuzi huondoka na majina mengi ya miti na uamuzi hana.

Hoja ya sura hii ni kwamba swali lenyewe limeelekezwa pabaya. Veranda ina sehemu tatu zisizofanana kwa masaibu yanayozipata: nguzo zinazosimama ardhini, boriti zinazolala juu ya nguzo, na mbao za kukanyagia zinazopigiliwa juu ya boriti. Fedha nyingi huishia kwenye mbao za kukanyagia kwa kuwa ndizo wageni wanazoziona, ilhali veranda nyingi hufia chini. Anayetaka yake idumu afanye kinyume: kilicho bora kiende kusikoonekana, na juu atumie kile anachomudu kukibadilisha.

Kuoza ni nini hasa

Kuoza ni kazi ya kuvu, viumbe wa jamii moja na uyoga, ambao chembe zao za uzazi zimo hewani kila mahali. Kuvu wanahitaji chakula, hewa, joto na maji. Chakula chao ni mbao yenyewe, na pwani hewa na joto havipungui mwaka mzima. Kilichobaki mikononi mwa mwenye nyumba ni maji tu. Mbao yenye unyevu usiofika asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Ikivuka hapo na kukaa huko, hatari imeanza, na ikikaribia asilimia 30 kuvu wanajilia kwa raha zao.

Mbao haiwi kavu kabisa, kwani huvuta unyevu wa hewa mpaka ilingane na mahali ilipo. Iliyowekwa kivulini Dodoma hutulia kwenye asilimia 10 hivi. Hiyohiyo ukiileta Dar es Salaam au Mombasa hupanda hadi kama 15, bila kunyeshewa hata tone. Kwa hiyo mtu wa Dodoma ana nafasi ya kama asilimia 10 kabla ya kufika penye hatari, na mtu wa pwani ana nusu ya hiyo. Ndiyo sababu ushauri wa fundi wa bara, hata awe hodari vipi, unaweza kukuangusha ukiuhamishia ufukweni bila kuupima.

Hata hivyo mvua peke yake haiozeshi. Mvua ya alasiri ikifuatwa na jua na upepo hukauka kabla haijapenya mbali. Maji yanayoua ni yale yaliyonaswa: kati ya mbao ya kukanyagia na boriti iliyo chini yake, kwenye tundu la skrubu iliyozamishwa kupita kiasi, ndani ya zege lililoshika mguu wa nguzo, na kwenye vichwa vya mbao. Vichwa ndivyo vibaya kuliko vyote. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kwa mirija myembamba iliyokwenda kwa urefu wake, na mirija hiyo haiachi kazi mti unapokatwa. Mbao hunywa maji kichwani kwa haraka mara nyingi zaidi kuliko ubavuni. Wakati wa masika, maji yaliyoingia hapo mwezi wa Machi yanaweza yasipate siku za kutosha za kukauka mpaka Juni.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili umo katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa mikoko hiyo ndio uliopanga upana wa vyumba, takriban meta 2.5 hadi 3. Katikati ya chumba, pale hewa inapozunguka, boriti hukaa miaka na miaka ikiwa ngumu. Lakini mafundi wa ukarabati wakibomoa ukuta kidogo ili kuona ncha za boriti hiyohiyo, zilizofukiwa ndani ya matumbawe na chokaa inayovuta unyevu, mara nyingi hukuta zimegeuka unga. Mti ni mmoja, na siku ya kukatwa ni moja. Kilichotofautiana ni nafasi ya kukauka.

Mchwa nao, ingawa ni wadudu, hufuata mkondo uleule. Wale wa ardhini, wanaofanya uharibifu mkubwa, hukauka na kufa wakikaa peupe, kwa hiyo hupanda kwa kujijengea vijia vya udongo kutoka chini. Nguzo iliyosimikwa moja kwa moja ardhini huwapa njia ya siri. Nguzo iliyokalishwa juu ya kiatu cha chuma, yaani kipande cha chuma kilichofungwa kwenye zege na kuiacha nguzo ikining'inia sentimeta 5 au zaidi juu ya sakafu, huwalazimisha kujenga vijia vyao mahali macho yatakapoviona.

Kwa kifupi: kabla ya kuuliza jina la mti, uliza kila kipande kitakauka vipi, na ni kipi kitakachokauka kwa shida kuliko vingine. Hicho ndicho cha kununuliwa kwa gharama.

"Mbona majahazi na milango ya zamani ipo?"

Pingamizi hili ni la haki. Majahazi yaliyoundwa kwa mvule na mkongo yamefanya safari miaka mingi, na milango ya mtiki na mvule ya Unguja na Lamu imevipita vizazi kadhaa. Je, hilo halithibitishi kwamba jina la mti ndilo linaloamua?

Linathibitisha nusu tu. Mlango umesimama wima, maji huteremka yasikae, na mara nyingi uko chini ya kibaraza au ndani ya ukuta mnene. Jahazi nalo halikuachwa lijitegemee. Hupandishwa ufukweni, husuguliwa, likapakwa deheni ya chokaa na mafuta sehemu iliyo chini ya maji, na mafuta ya sifa yatokanayo na papa sehemu ya juu, tena na tena maisha yake yote. Mwenye veranda anayesema "natumia mvule kama wa majahazi" huku hana nia ya kuipaka mafuta hata mara moja kwa mwaka, amechukua nusu ya dawa.

Nusu nyingine ya ukweli imejificha ndani ya gogo lenyewe. Shina la mti uliokomaa lina kiini, sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, na weupe unaokizunguka. Weupe ndio uliokuwa ukipitisha maji na kuhifadhi chakula cha mti. Kiini kimeshaacha kazi hiyo, na mti umekijaza kemikali zake wenyewe ambazo kuvu na mchwa hawazipendi. Sifa zote za mvule, mkongo na mtiki ni sifa za kiini. Weupe wa mvule huoza upesi kama weupe wa mti wowote duni. Kwa hiyo anayelipia mbao ya mvule yenye ukanda mpana mweupe ubavuni amelipa bei ya mvule kwa kitu ambacho kwa sehemu si mvule anaoufikiria.

Hapa ndipo mtiki wa mashambani unapohitaji jicho la karibu. Tanzania ina mashamba makubwa ya mtiki Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero, na ni jambo jema kwamba mbao hizo zinapatikana bila kugusa msitu wa asili. Lakini mti uliokatwa ungali mchanga, hasa ule uliotolewa kupunguza msongamano shambani, una kiini chembamba na weupe mwingi. Geuza mbao uangalie kichwani kwake. Kiini cha mtiki ni cha kahawia inayoelekea dhahabu, weupe ni wa rangi ya maziwa yaliyochujuka, na mpaka kati yake huonekana bila kuambiwa. Muuzaji anayekataa mbao zake zisigeuzwe amekwisha kukujibu.

Kuhusu mninga, maoni ya mwandishi huyu yatawaudhi wengine. Ni mbao nzuri isiyo na ubishi, haisinyai wala haipindi ovyo, na haishambuliwi kirahisi. Kuitandaza juani, hata hivyo, ni israfu. Miale ya jua huharibu uso wa mbao yoyote isiyopakwa kitu, na baada ya mwaka hivi mninga, mtiki na msonobari zote huwa na rangi moja ya kijivu. Sehemu kubwa ya bei ya mninga ni rangi na mchoro wake, na jua litavichukua bure. Mti huo hukua polepole mno, na mwaka 2022 jamii yake barani Afrika, pamoja na jamii ya mkongo, iliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Mninga uende kitandani na mezani. Ukiamua kununua mbao za msitu wa asili Tanzania, dai kuona alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu na hati ya kusafirishia mzigo, maana gogo lisilo na hati limetoka mahali ambapo hakuna aliyehesabu yaliyobaki.

Msonobari wa kijani, na kanuni inayogeuka

Wengi hawatamudu kiini cha mkongo kwa veranda nzima, na si lazima. Msonobari, au paini kama unavyoitwa kwenye maduka ya mbao, unapatikana kwa wingi kutoka Sao Hill kule Mufindi na mashamba mengine ya nyanda za juu. Ukiachwa kama ulivyo, nje haudumu. Ukitiwa dawa ipasavyo, unadumu kuliko mvule wenye weupe mwingi. Kutia dawa si kupaka. Mbao huingizwa kwenye pipa kubwa la chuma, hewa ikavutwa, kisha maji yenye chumvi za shaba, kromi na aseniki yakasukumizwa ndani yake kwa shinikizo. Shaba ndiyo inayoiachia mbao rangi ya kijani.

Hapa kanuni ya kiini hugeuka juu chini. Ile mirija wazi inayofanya weupe uoze haraka ndiyo inayoruhusu dawa kupenya, na kiini kilichoziba huikataa. Kwa miti migumu tafuta kiini, kwa msonobari wenye dawa tafuta weupe. Na kwa kuwa rangi ya kijani mtu anaweza kuipata kwa brashi na ndoo, usinunue kwa macho. Mwombe muuzaji akate kipande cha sentimeta 30 kutoka mwisho wa mbao moja, kisha tazama pale palipokatwa. Kijani kikiishia kwenye ngozi tu, unene wa kucha, hiyo ni rangi. Kikiwa kimeingia ndani na kubakiza labda kidoa kisicho na kijani katikati, pipa lilifanya kazi yake. Gharama ya kipande hicho ni ndogo, ilipie bila kunung'unika.

Kwa sababu hiyohiyo, kila fundi anapokata mbao ya dawa kwa msumeno hufungua kidoa kile cha katikati kisicho na kinga. Kichwa kipya kipakwe dawa ya kuhifadhi mbao papo hapo, na kwa nguzo, ncha iliyokatwa ielekezwe juu, ile ya kiwandani iende chini.

Aseniki ni sumu, na hofu ya wazazi si ya bure. Marekani iliacha kutumia dawa hii kwenye mbao za makazi kuanzia mwisho wa mwaka 2003, zikaingia dawa nyingine za shaba zisizo na aseniki. Jibu langu ni kugawa kazi: mbao ya aina hiyo ifanye kazi ya boriti na nguzo, ambazo hakuna mtoto anayezitambalia, na juu uweke kitu kingine, au upate mbao iliyotiwa dawa isiyo na aseniki. Hatari iliyo kubwa zaidi kwetu iko jikoni. Vipande vya kijani vinavyobaki baada ya ujenzi visiwe kuni. Moshi wake na majivu yake hubeba aseniki, na majivu hayo hayafai bustanini wala kwenye kusugulia sufuria. Vikusanywe siku ya kazi, kabla mpita njia mwenye shida ya kuni hajavibeba.

Plastiki imalize ubishi?

Mbao za mchanganyiko, zinazotengenezwa kwa unga wa mbao uliokorogwa na plastiki, huuzwa kwa ahadi kwamba haziozi na hazihitaji matunzo. Ahadi ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili imetiwa chumvi kidogo: huchujuka rangi, huota ukungu kivulini, na uchafu wake unataka brashi. Lakini kasoro mbili zinazotuhusu sisi wa jua kali ni nyingine. Ya kwanza ni joto. Mbao ya mchanganyiko yenye rangi iliyokolea, saa nane mchana mwezi wa Februari, huunguza nyayo, na veranda ya pwani hukanyagwa peku. Ya pili ni kwamba hulegea ikipata joto, kwa hiyo hutaka boriti zilizokaribiana, kwa kawaida kati ya sentimeta 30 na 40, na hurefuka ubavu kwa ubavu na kichwa kwa kichwa kiasi cha kujikunja ikiwa fundi hakuacha nafasi.

Tunarudi palepale. Watengenezaji wake wenyewe hawaruhusu zitumike kama boriti, maana hazina nguvu ya kubeba. Anayenunua plastiki ya juu kwa bei kubwa na kuilaza juu ya boriti za bei rahisi atakuwa na sakafu isiyooza inayokalia mifupa inayooza.

Je, plastiki nzito iliyosagwa na kuyeyushwa upya, isiyo na mbao ndani? Mwaka 2018 huko Lamu ilizinduliwa Flipflopi, dau la meta 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kuvikwa ndara elfu 30 zilizookotwa ufukweni, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, kama kilometa 500. Mafundi waliikata plastiki hiyo na kuiunganisha kwa ufundi uleule wa majahazi. Ni ushahidi kwamba plastiki inaweza kubeba mzigo baharini ikitengenezwa nene na kuungwa na watu wanaojua. Kwa veranda ya nyumbani, nguzo za plastiki iliyorejelewa zinafaa sana pale zinapozama ardhini penye mchwa. Kwa boriti ndefu bado zinapinda chini ya uzito, isipokuwa ziwe nene kuliko za mbao na nguzo zikaribiane.

Kinachoshikilia vyote

Veranda nyingi za ufukweni huanza kuharibika kwenye skrubu. Zile za njano zinazouzwa kwa boksi, zilizokusudiwa kabati na milango ya ndani, hazikutengenezwa kwa hewa ya chumvi. Kutu ikianza, kichwa cha skrubu hukatika, mbao huinuka, na tundu lililobaki huwa kisima kidogo cha maji katikati ya boriti. Shaba iliyomo kwenye mbao ya dawa huongeza kasi hiyo, kwa kuwa chuma cha kawaida kikigusana nayo kwenye unyevu huliwa upesi. Karibu na bahari tumia chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316 ukikipata. Nenda dukani na kipande cha sumaku: skrubu za daraja hilo hazivutwi, au huvutwa kwa unyonge. Zikirukia sumaku, hata ziwe zinang'aa vipi, si hizo.

Mapengo kati ya mbao nayo hayana kipimo kimoja. Mbao ya msonobari ya inchi 6 iliyoletwa ikiwa bado imelowa dawa itasinyaa kama milimita 5 ikikauka, basi ilazwe ikigusana na mwenzake, pengo litajitengeneza. Iliyokaushwa vizuri iachiwe milimita 5 tangu mwanzo, la sivyo masika yataivimbisha na kuyaziba mapito ya hewa ambayo boriti zilizo chini zinayategemea.

Basi kwa nini si zege tu?

Mara nyingi ni zege tu. Kiwanja kikiwa tambarare na sakafu ya nyumba ikiwa chini, baraza ya zege yenye vigae visivyoteleza hugharimu kidogo na haina shughuli. Sura hii haimwombi mtu ajenge kwa mbao mahali zege linatosha. Mbao hushinda pale ardhi inapoteremka na zege lingehitaji kuta na kifusi kingi, pale mchanga hauaminiki, juu ya mizizi ya mti usiotaka kuukata, na ghorofani ambako uzito ni tatizo. Mbao pia hupoa haraka jua likishuka, wakati zege huendelea kurudisha joto hadi usiku.

Ukiwa na sababu mojawapo kati ya hizo, orodha ya vifaa unayoletewa na fundi ndiyo ya kusahihisha kwa kalamu kabla hela haijatoka. Mara nyingi itaanza na mbao nzuri za juu na kumalizia na "mbao za chini" zisizotajwa aina. Ipange upya hivi:

- Viatu vya chuma na bolti za nguzo, vya kwanza kulipiwa.
- Nguzo na boriti: kiini cha mkongo, mvule au mtiki, au msonobari uliothibitishwa kwa kukata kipande.
- Skrubu za 316, idadi kamili pamoja na za akiba, maana zikipungua katikati ya kazi zile za njano ndizo zitakazokimbiliwa.
- Dawa ya kupaka vichwa vilivyokatwa, na ukanda wa lami wa kufunika mgongo wa kila boriti ili maji yasizame kwenye matundu.
- Mbao za kukanyagia, kwa fedha iliyobaki.

Fundi atalalamika kwamba mteja hataiona kazi ya chini, na kwamba wageni watasifu mbao tu. Kweli, lakini mbao ya juu iliyochoka hufunguliwa skrubu zake na kubadilishwa asubuhi moja, wakati boriti iliyooza inataka sakafu nzima ivuliwe kwanza. Mwambie pia aache nafasi ya mtu kuingia chini kwa kutambaa, akiwa na tochi na bisibisi ya kuchomachoma boriti, kila mwaka masika yakiisha.